Mlinda Ufunguo wa Kannon

Hekalu letu la Kamitani halina mtawa tangu yule wa mwisho alipofariki. Ufunguo anakaa nao Fusae, mjane wa marehemu Eikichi, na anayetaka kumwona Kannon wetu, sanamu ya mti ya mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, sharti ampigie simu kwanza. Wageni ni wa nadra. Mabasi ya watalii huishia kule mjini, kando ya ziwa.

Novemba alikuja mwanamume mmoja peke yake, Nagase, viatu vyake havina hata tone la tope. Fusae alimtilia shaka tangu mlangoni. Hakuuliza sanamu ni ya zamani kiasi gani, kama waulizavyo wote. Aliuliza kama mlango wa nyuma bado unafunguka. Na katika bonde la pili, mwaka jana tu, wezi walibeba Buddha mzima mzima wakaacha kiti chake.

Basi Fusae hakutoka. Alijifanya anapangusa sakafu, jicho kwa mgeni. Nagase alifukiza ubani, akapiga magoti. Kisha akainuka, akasogea hadi kwenye sanamu, akaigonga kwa kidole.

"We baba, toa mkono," Fusae alisema. "Hata sisi hatumgusi."

Mgeni aliinama kuomba radhi. Akaeleza kwamba utotoni, alipokuwa mgonjwa, baba yake alimleta hapa kwa mlango ule wa nyuma, akaruhusiwa kumshika Kannon miguu. Harufu ya mti wake wa kafuri ilimbakia viganjani hadi nyumbani.

"Mama, usinielewe vibaya. Huyu si wa mti."

Fusae alimtoa kwa adabu, akajifungia ndani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: alimshika Kannon kiunoni, akamwinua. Alikuwa mwepesi kama ndoo tupu.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake Tokuji, mkuu wa wazee wa hekalu, akamkuta anaanika figili. Tokuji aliposikia hakushtuka, na hapo ndipo Fusae alipojua.

"Yuko kabatini kwangu," Tokuji alisema. "Tulimhamisha sisi wazee watatu baada ya ule wizi. Huyo wa plastiki alitengenezwa mjini, kwa mashine."

"Mbona hamkuniambia?"

"Shemeji, siri ya watu watatu inatosha. Wa nne ni redio."

"Mwaka mzima naipelekea plastiki wali, na wewe unapita unaniona."

Tokuji alifungua kabati. Kannon alikuwa amesimama kati ya magodoro, kazongwa blanketi, na kila kitu mle ndani kilinuka dawa ya nondo, hata kafuri isitambulike. Fusae alilifunua blanketi akataka kuomba, maneno yasije. Alijikuta anachunguza vidole na mikunjo ya vazi, kama kweli ndiye. Alimwinua: alikuwa mzito, ndiyo, lakini gogo lolote ni zito.

Fusae alisema Kannon arudishwe leo leo, la sivyo watafute mwingine wa kufagia. Tokuji alinung'unika, lakini akawasha kigari chake. Fusae alikaa nyuma, amemkumbatia Kannon, na njia nzima hakuondoa macho kwenye kisogo cha shemeji yake.