Seremala Aliyesingiziwa

Tangu Agnès, dada wa marehemu mkewe, aje kusalimia kutoka Mitwaba, Adalbert hakuwa na raha. Yule mwanamke mdomo wake hauna breki. Na siri ya Adalbert ilikuwa moja tu: Sephora, binti aliyemlea na kumpa jina lake, alizaliwa na askari aliyepita Mitwaba akatokomea.

Sasa Sephora alikuwa anamaliza historia chuo kikuu. Kila alasiri alikuja kwenye karakana ya baba yake, hapo Kamalondo, kujizoeza kutetea kazi yake ya kuhitimu, mzee akipiga randa. Kazi yenyewe ilihusu Yesu na watu wa kale waliomkosoa. Mada zote duniani, kachagua hiyo! Adalbert alitega sikio, na kila siku alizidi kushuku.

“Kuko mupagani moja,” Sephora alisema siku ile, “aliandika asema Yezu alikuwa mutoto ya soda, askari ya Roma. Asema Yosefu, menuisier, alijua ile mambo, akafukuza Maria.”

Randa ikakwama. Askari! Seremala! Huyu mtoto ananisema mimi, Adalbert aliwaza. Pengine keshatafuta jamaa za yule askari; siku ya utetezi watakaa mbele, naye atasimama mlangoni kama fundi aliyeleta viti.

“Ni Agnès njo alikuambia?”

“Tantine Agnès anajua nini mu mambo ya bapagani?”

Sephora alimtazama, baba akainamisha macho. Hapo Adalbert akajua kwamba kajitia kitanzi mwenyewe.

Binti akaweka karatasi zake juu ya mbao. “Papa, ile minajua tangu zamani. Mama alinielezaka mbele ya kufa.”

“Na haukusema?”

“Na weye haukusema.”

Adalbert alipangusa vumbi la mbao mikononi. Hakujua aone aibu au afurahi.

“Ule mupagani,” Sephora aliendelea, taratibu, “maneno yake tunaijua juu mukristu moja aliandika mingi mu kitabu yake, apate kumujibu. Na miye njo vile: minaandika maneno yake nipate kumujibu. Kama menuisier alifukuza Maria, preuve, ushahidi, haiko.”

“Profesa akikuuliza unajua namna gani hakumufukuza?”

“Nitasema historia haijui.” Akakusanya karatasi zake. “Lakini weye, papa, uikale mbele, nikuone.”