Mawimbi ya Kiini na Kilio cha Nyantende

Tetemeko lilipiga chini ya bahari karibu na Tonga, upande wa pili wa dunia, nami nilikuwa Bukavu napiga mswaki taarifa yake ilipoingia kwenye simu yangu. Niliacha bomba likimwaga maji, nikamwandikia Papa Déogratias kwamba siku kubwa imefika. Mawimbi ya tetemeko kama hilo hupenya hadi kiini cha dunia na kutokea kwetu, kisha kwa saa kadhaa huenda na kurudi, kila mara yakidhoofika. Hayo dhaifu ndiyo niliyoyangoja tangu nianze utafiti, kwani ndiyo yanayoeleza jinsi kiini kilivyoganda dunia ilipokuwa ikipoa. Sismografu yangu, mashine inayonasa mitetemo ya ardhi, iko kijijini Nyantende, shimoni nyuma ya nyumba ya Papa Déogratias anayeilinda, na mwisho wa mwezi wafadhili wanaichukua.

Kisha Charlène, dada yake Déogratias, akanipigia simu. Mama yao, Rosalie, amefariki alfajiri.

Nasema kweli, wazo langu la kwanza lilikuwa ngoma. Kilio ni umati, nyimbo na miguu inayokanyaga; wimbi dhaifu halisikiki hapo. Nilipanda pikipiki, nikimhimiza dereva na huku nikijichukia.

Nilikuta kimya. Watu walijaa uani, wameketi chini, hakuna anayeimba. Ngoma ziliegemezwa ukutani. Charlène alikuwa ameuma kitenge, mabega yakitetemeka. Niliambiwa wazee wawili wa ukoo wameondoka kwa hasira, maana mama wa watu hazikwi kimyakimya kama mwizi.

Déogratias alinijia bila viatu. Huyu ndiye aliyekuwa akifukuza mbuzi wake mwenyewe wasikaribie shimo, na kuwahamisha wanawake wanaotwanga sombe, majani ya muhogo. Sikuwahi kumwambia kwamba anaweza kukataa.

"Docteur, nimebakataza kuimba," alinong'ona. "Ulisemaka siku kubwa ikifika, makelele hapana. Mashini iko inasikia muzuri?"

Ilikuwa inasikia vizuri sana, na mawimbi niliyoyataka bado yalikuwa njiani. Nilitaka kusema asante. Niliogopa kupoteza kazi yangu yote, na niliogopa zaidi kumtazama Charlène.

"Papa Déo, mashini ilishamaliza kazi," nikasema. "Acha balie mama."

Alinitazama, kisha akaitazama taa ya kijani ya kisanduku cha mashini ikiendelea kumetameta, ishara kwamba bado inanasa. Aliketi chini palepale akalia kwa sauti, kabla hata ya dada yake. Ngoma zikafuata. Mawimbi ya kiini yalifika chini ya nyayo zetu, nami nikacheza juu yake.