Andazi Ambalo Sikuliomba

Mjinga wa siku ile ni mimi, tusimtafute mwingine. Ni mchana, nimekuja kujitambulisha ukweni, nami nimejifungia chooni kwa akina Tunu najidunga insulini kwa siri, maana nimenusa pilau nikadhani sahani ziko njiani. Kumbe kwanza kuna hotuba, na insulini haingoji: bila chakula hushusha sukari mwilini mpaka mtu akazimia. Mjomba wa Tunu anaanzia kwa babu aliyehamia Muheza, anawafuata watoto wake wote mmoja baada ya mwingine, na maandazi yako mbele yangu, yamefunikwa kwa kawa, na mkwe mtarajiwa haombi chakula. Nina miaka ishirini na minne; kisukari nimemficha Tunu mwaka mzima nisije nikamkosa. Mjomba anatania kwamba jasho langu ni la kuogopa ndoa, watu wanacheka, na mimi nacheka, na sauti yake inarefuka, inarefuka, inakuwa barabara, nami naifuata. Barabara haiishi. Kando yake kuna mji wa vioo, na ndani ya kila kioo kuna kijana: huyu anameza kidonge cha presha kautazama ukuta, yule kaficha dawa ya pumu ndani ya soksi, na wote rika langu, wamejaa kama gulio, na hakuna anayemwona mwenzake. Nawapungia. Anayenipungia ni mimi mwenyewe. Mbele yangu anatembea mwanamke asiye na uso. Namuuliza mji huu una watu wangapi. Mmoja tu, anasema, mara nyingi. Na mlango wa kutokea? Unao mdomoni. Naufungua mdomo, hakitoki kitu. Naona haya hata huku, hata mbele ya mtu asiye na macho. Anakwenda zake. Vioo vinazimika kimoja kimoja, nabaki mimi na barabara. Ndipo nasema, kidogo tu: naumwa, nina njaa.

Shavuni mna sukari. Mwanamke kaniinamia, uso wake unakuja polepole, kwanza pua, kisha macho ya Tunu. Nyuma yake kuna kabati la vioo, na humo nimelala pia. Sijui nani kati yetu ndiye aliyeamka. Mkononi Tunu kashika bomba langu la sindano, kalitoa mfukoni mwangu. Mjomba, hatimaye, kanyamaza. Najitetea kwamba nilificha kwa ajili yake, kwamba angejua angenikataa.

Tunu ananiwekea soda mdomoni.

Ninayemkataa ni mwanamume aliye radhi kufia kwenye mkeka wetu kuliko kuomba andazi. Kunywa.