Tundu la Mwiko

Mwaka wa tisini na mbili, wiki chache kabla ya uchaguzi, walimchukua Wangila akiwa na randa mkononi. Siku hizi kuna watu hapa Kakamega wanaocheka wakisema jambo lile lilikuwa mzaha tu. Halikuwa mzaha. Nilikuwepo, na mimi si mtu wa kusahau.

Tulikuwa na chama chetu cha useremala, chini ya paa la mabati nyuma ya soko. Jumamosi tulikutana, kila mtu na kazi yake. Beldina alikuwa anachonga miguu ya vigoda. Ignatius alikuwa na kitanda cha mvule ambacho hakikuisha, maana kila wiki aligundua upande mmoja umezidi mwingine, akapunguza, hadi tukamwambia kitakuwa kibao cha chapati. Mimi nilipiga msasa na kuongea siasa, zaidi kuongea.

Wangila alikuwa anamtengenezea masanduku Khalayi, mama Nekesa, aliyewauzia wakata miwa chakula upande wa Navakholo. Nje sanduku lilipakwa oili chafu ya gari, likawa jeusi, mchwa wasiliguse. Ndani lilishindiliwa maranda, na katikati sufuria ya obusuma, ugali wetu, ikakaa na joto lake kutoka asubuhi hadi mchana. Kwenye kifuniko kulikuwa na tundu refu, jembamba, la kupitisha mpini wa mwiko. Na mahali pa kufuli, kwa sababu wakata miwa wana mikono mirefu.

Jina lake lilikuwa sanduku la kula. Lakini sisi wa huku, l na r zetu hukaa popote zinapotaka. Wote tulisema sanduku ya kura, na hakuna aliyesikia kasoro.

Titus, mzee wa mtaa, alipita nje ya karakana akamsikia Beldina akiuliza, "Hizo masanduku za kura zitakuwa ngapi?" Akachungulia. Akaona meusi kama yale ya uchaguzi, yamepangwa, yana tundu juu. Hakuuliza mtu. Akakimbia kwa chifu.

Askari walikuja wakabeba Wangila, masanduku, na vifaa vyote vya chama. Ayuma, mke wake, aliketi chini kwenye maranda. Alijua, kama tulivyojua wote, kwamba kwa chifu mtu anaweza kurudi, lakini akishapandishwa Land Rover ya polisi kwa jambo la siasa, habari zake utazipata kwa uvumi. Watu hao hao wa serikali walitupanga mlolongo kupiga kura mwaka wa themanini na nane, mstari mfupi ukatangazwa mrefu mchana kweupe, na sasa walikuwa wanatafuta mwizi wa kura kwa seremala.

Nilifika kambini kwa chifu pamoja na Beldina, nikiwa na hotuba tayari. Mama Nekesa alinikuta langoni, sanduku lake la kwanza, lile alilokuwa ameshapewa, likiwa kichwani.

"Shemeji," akaniambia, "leo hiyo mdomo yako ifunge. Ukianza Katiba hapa, Wangila atalala ndani."

Nikafunga. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Land Rover ilikuwa imefika. Koplo mmoja aliyeitwa Kibiwott alisimama mbele ya masanduku akiyagonga kwa kidole. Wangila alikuwa amechutama ukutani, pingu mkononi.

"Hii ni nini?" koplo akauliza.

"Sanduku ya kura, afande," Wangila akajibu.

"Unaona?" chifu akasema. "Amekubari mwenyewe."

"Si ya kura," mama Nekesa akaingilia. "Ni ya kura."

Koplo akamtazama. "Mama, umesema kitu kimoja mara mbili."

"Hapana, afande. Moja ni kura ya serikari. Hii ni kura ya watu."

Nilifumba macho. Titus akapiga makofi. "Si mmesikia? Kura ya watu. Hata wana chama."

Koplo alikuwa ametoka mbali, na naona ndilo lililotuokoa. Akakuna shingo. "Mama, ngoja. Hiyo kura yako inaingia wapi? Kwa sanduku ama kwa mdomo?"

"Inaanza kwa sanduku, inamarizia kwa mdomo."

Askari mmoja akageuka upande akicheka. Chifu hakucheka. "Na hiyo tundu?" akauliza. "Mdomo gani unakura kwa tundu ya karatasi?"

Mama Nekesa alitua sanduku lake chini na kufungua kufuli. Kifuniko kilipoinuka, mvuke ulitoka ukampanda koplo hadi kwenye kofia. Ndani obusuma, na juu yake bakuli la ingokho, kuku wa mchuzi. Akachomeka mwiko, akarudisha kifuniko, na mpini ukatoka kwenye tundu, ukikwaruza kidogo, ukasimama pale kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi.

Kisha koplo akamgeukia chifu. "Kwa hivyo niandike nini huko stesheni? Nimekamata ugali?"

Chifu alimtazama Titus, na Titus akatazama viatu vyake. Walinawa, wakala, na nitasema ukweli ingawa uliniuma: chifu alikula kushinda wote. Kisha akapangusa midomo na kuamuru, "Kuanzia reo hii kitu iitwe kabati."

"Ndiyo, mzee," Wangila akasema, mikono yake ikifunguliwa.

Tulirudi tumebeba kila kitu, hata gundi. Njiani Beldina alianza kucheka akashindwa kuacha, na mimi, niliyekuwa na hasira za miaka, nilijikuta miguu yangu ni myepesi. Ayuma alitusikia kabla hajatuona. Alisimama mlangoni, akamshika mume wake mkono mahali pingu ilipokuwa, akauachilia, akaenda kutafuta maji ya chai.

Tulingoja Wangila aseme kitu. Alivuta sanduku la mama Nekesa kwenye mwanga, akachukua msasa.

"Tundu lilikuwa linakwaruza mwiko," akasema. "Niliona pale kwa chifu, nikaona haya."