Mita Hamsini na Tano za Kebo

Duka langu ni dogo, lakini nyaya nazijua. Ukiniletea kebo ya mtandao, nakwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu ni shaba. Ukigeuka mweupe ni alumini iliyopakwa shaba juujuu, takataka ya kuunganisha vitu vilivyo kwenye meza moja.

Mdogo wangu alikuja Ijumaa, mikono inanukia sabuni ya kumwogeshea mama. Mama amepooza mwaka wa tatu sasa, na ni yeye anayemgeuza, anayemlisha, anayembadilisha nepi. Mimi nina duka.

"Dada, nimeitwa kwenye majaribio!" Alikuwa anacheka peke yake. "Jumatatu saa tatu asubuhi. Kazi ya kupokea simu za wateja, nafanyia nyumbani. Lakini lazima waya, na mtandao ukikatika mara mbili wanakutoa. Nikipita tu, napanga chumba changu."

Chumba chake! Na mama abaki na nani? Niliogopa, nisidanganye. Niliiona ile nepi mikononi mwangu, na hofu ikageuka hasira.

"Kutoka ruta yangu ya mtandao hapa dukani mpaka chumbani kwa mama ni mita ngapi?"

"Hamsini na tano. Nimepima mwenyewe."

Umbali huo unataka shaba tupu. Boksi la shaba lilikuwa nyuma yangu, zito mpaka limepinda rafu. Nikavuta la pembeni, jepesi, lenye maandishi yaleyale.

"Hii ndiyo yenyewe, dada?"

"Mimi nikudanganye wewe?"

Nikambania vichwa vya plastiki kwenye ncha zote mbili kwa mkono wangu, vizuri kabisa, maana kazi mbovu siiwezi. Kipimio cha kebo kikawaka taa zote nane, moja kwa kila uzi. Akanikumbatia.

Jumatatu saa nne nilimkuta kaketi sakafuni, kando ya kitanda cha mama. Mtandao ulikatika mara ya kwanza akitaja jina lake, mara ya pili akiomba radhi. Wakamtoa.

"Kosa langu," akasema. "Nilipigilia misumari vibaya, nikaubana waya. Wewe ulinipa kitu kizuri, mimi nikakiharibu."

Mama hasemi, lakini anasikia. Alinikodolea macho mpaka nikageukia dirishani.

"Siku nyingine uwe unauliza," nikamwambia mdogo wangu.

"Nisamehe, dada. Nimekupotezea kebo yako bure."

Nikamsamehe.