Mtukufu wa Siku Tatu

Katika ufalme wa Kauleni kila baya lilikuwa na dawa moja: wino. Visima vilipokauka, Mfalme hakuchimba vingine. Alimwita Waziri wa Maneno, mzee mwembamba asiyeachana na brashi yake, akamwagiza afute neno "ukame" katika Kamusi Kuu. Waziri akafuta, mpiga mbiu akatangaza, na tangu siku ile aliyelitamka alifungwa kitambaa mdomoni siku saba. Daraja lilipoanguka na watu wakaanza kuulizana, yakafutwa maneno mawili kwa mpigo: "kwa nini". Walimu walipata nafuu kidogo, nchi haikupata.

Hata neno "mfalme" lilikuwa limefutwa, kwa sababu nchi jirani nazo zilikuwa na wafalme, na huyu hakutaka kuchangia jina na mtu. Yeye aliitwa Mtukufu, basi. Mimi naandika "Mfalme" kwa kuwa siishi Kauleni.

Mwaka wa tatu bila mvua, ghala la ikulu lilikuwa limejaa mtama wa kunenepesha bata mia tatu wa sherehe. Mwaka huo likafutwa neno "njaa".

Huko bondeni aliishi msusi wa vikapu, mjane aitwaye Semeni, mwenye watoto wanne na sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Watoto walipolala siku ya tatu na maji matupu tumboni, alijifunga kanga, akapanda hadi ikulu, akasimama mbele ya baraza.

"Shikamoo, Mtukufu. Nimekuja kuomba mtama wa ghalani. Watoto wangu wana…"

"Mdomo huo!" Waziri alifoka, brashi ikiwa juu kama rungu.

Semeni akameza neno. "Basi nielekezeni, wazee wangu. Kitu hiki kinachowakata matumbo wanangu nikiiteje?"

"Hakina jina," alisema Waziri. "Na kisicho na jina hakipo."

"Kipo, baba. Nimekiacha nyumbani kinalia."

Wazee wa baraza wakakohoa kwenye mikono yao. Semeni akauliza kwa adabu zote, "Sheria yetu inasemaje juu ya vitu visivyo na jina?"

Waziri alijivuna. Sheria aliijua kwa moyo. "Kila kisicho na jina katika nchi hii ni cha Mtukufu, na kitaitwa Mtukufu." Ndiyo maana kulikuwa na kilima Mtukufu, kinamasi Mtukufu, na beberu mmoja mzururaji aliyeitwa Mtukufu pia, ingawa hakuwahi kuitika.

"Ahsante, baba," Semeni alisema, akapiga goti. "Basi watoto wangu wana Mtukufu. Wana Mtukufu wa siku tatu."

Mfalme, ambaye alikuwa akichagua manyoya ya kofia, alisikia jina lake, akatabasamu. "Hongera kwao," alisema. "Mama huyu apewe ruhusa aende zake." Mtama hakupewa.

Alishuka bondeni kwa hasira. Mtoni jirani yake alimuuliza, "Vipi huko?" Semeni akajibu, "Wamenirudisha na Mtukufu wangu vilevile." Akaeleza. Jirani alicheka hadi akaketi kwenye ndoo.

Kufikia Ijumaa, nchi nzima ilikuwa ikisema hivyo. "Umeamkaje?" "Nimeamka na Mtukufu." Mganga aliweka sikio tumboni mwa mgonjwa, akatangaza, "Huyu hana homa. Ana Mtukufu, na asipotolewa mapema ataua." Bibi harusi mmoja aliimbiwa ajaliwe nyumba isiyoingia Mtukufu. Wahenga nao walirekebishwa: mwenye shibe hamjui mwenye Mtukufu. Askari walisimama na vitambaa vyao mkononi, wasijue wamfunge nani. Sheria haikuvunjwa popote. Tena watu waliodhoofika mno wasiweze kubeba jembe walipata nguvu za kucheka, na kicheko kile kiliwatoa majumbani, wakaanza kutazamana.

Mfalme alipopita sokoni kwa matembezi ya sherehe, umati ulipiga kelele: "Mtukufu! Mtukufu atuondokee!" Kwa mbali alisikia neno la kwanza tu. Akapunga mkono, akalia machozi ya furaha. Farasi wake alipokaribia, akasikia na la pili.

Jioni ile baraza liliketi bila vinywaji.

"Rudisha neno la zamani," Mfalme aliamuru.

"Tukilirudisha," Waziri alisema kwa sauti ndogo, "tutakuwa tumekiri kwamba lilikuwepo."

"Basi futa hili la sasa!"

"Mtukufu, hili… ndilo wewe."

"Futa nimesema!"

Brashi ikashuka. Mpiga mbiu alipotoka asubuhi, alitangaza kwamba kuna neno moja limekatazwa, ila yeye haruhusiwi kulitaja. Watu wote walilielewa.

Semeni ndiye aliyeng'amua kilichotokea. Alibeba kikapu chake kikubwa kuliko vyote, akawakusanya wanawake wa bondeni, wakaenda moja kwa moja ghalani. Nahodha wa walinzi akawazuia kwa mkuki.

"Rudini! Ghala hili limefungwa kwa amri."

"Amri ya nani, mwanangu?"

"Ya…" Kinywa chake kilifunguka, kikafumbika, kikafunguka tena kama cha perege nchi kavu. Akawageukia wenzake. Mmoja akatazama juu, mwingine akatazama viatu.

"Taja tu, tutatii," Semeni alisema.

Nahodha alianza kucheka. Alijizuia, akashindwa, yeye naye alikuwa hajala tangu juzi. Mkuki ukamponyoka, na walinzi wote wakacheka huku wakivuta makomeo.

Mfalme alifika akikimbia, kofia upande. "Acheni! Hamnijui? Mimi ni… mimi ndiye…"

"Ndiye nani, baba?" wanawake waliuliza, kwa upole kabisa.

Akamtazama Waziri. Waziri alikuwa tayari kwenye foleni, ameshika kopo la wino alilolisafisha vizuri liwe kibaba.

Mtama ulipimwa mchana kutwa, na vyungu vikatokota palepale uwanjani. Bata walitembea katikati ya watu, na harufu ya uji ikapanda hadi ukutani alikokuwa ameketi mtu mmoja peke yake, asiyeitwa na yeyote. Hasira zilikuwa zimemnyima chakula tangu jana. Semeni alimwendea na bakuli.

"Una nini, baba?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakukuwa na askari.

"Njaa," alisema.

Uwanja mzima ulipiga vigelegele, na Semeni akampa kijiko.