Safari ya Tatu ya Kapteni Cook

Wairimu alikuwa muuguzi, mjane, na mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote katika darasa la historia la kila Jumamosi, chuoni Annandale, Virginia. Mwalimu alipowapanga wawili wawili watayarishe mada, alimweka na Laurean, Mtanzania wa Bukoba aliyekuwa mlinzi kwenye majengo ya kompyuta kule Sterling. Labda aliona kwamba watu wawili wanaosema Kiswahili wataelewana upesi. Mada yao ilikuwa safari za Kapteni James Cook katika Bahari ya Pasifiki.

Hawakuelewana upesi. Laurean hakuweza kuazima hata kalamu bila kuanza na "samahani, dada Wairimu, naomba." Wairimu, aliyelelewa Nyeri, alisema "nipe hiyo" na mambo yakaisha. Yeye alidhani mwanamume huyu anamfanyia mzaha. Laurean naye alikuja kukiri baadaye kwamba wiki za kwanza aliamini amemkosea jambo.

Aliyewapatanisha ni Cook mwenyewe. Laurean alisimulia safari zile kana kwamba alikuwemo melini: jinsi walivyofika Tahiti kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, na jinsi walivyompakia Tupaia, kuhani wa visiwa vile aliyejua njia za bahari. Popote meli ilipokwenda, ukimuuliza Tahiti iko wapi, Tupaia alinyoosha mkono akakuonyesha. Hakurudi kwao, alifia Batavia kwa maradhi. Laurean alipofika hapo alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Jumamosi moja alileta chupa ya kabichi iliyochachishwa, kwa sababu Cook aliwalisha mabaharia wake hiyo wasiugue kiseyeye. Mabaharia waliikataa, hadi walipoona maofisa wakiila kwa hamu. Wairimu alionja, akasema hii kabichi imeharibika, kisha akaimaliza. Laurean akacheka hadi akatoa leso.

Tangu siku hiyo akawa anamrudisha nyumbani kwa gari hadi Silver Spring. Njiani alimweleza alikokwisha kuishi: Mwanza, Dubai, Houston, na sasa Virginia. Alikuwa na miguu ya kusafiri, alisema, na hakuona kosa lolote ndani yake. Wairimu akaanza kupitia duka la vyakula vya Kiafrika kutafuta ndizi za kupika. Alimpikia, akaziponda pamoja na viazi kama walivyofanya kwao. Kwa Laurean ndizi haipondwi hivyo hata kidogo, lakini alikula, akaomba tena, na Wairimu hakugundua chochote.

Kisha mwezi wa Novemba Laurean akamwambia, huku akiendesha, kwamba mwajiri wake amempa nafasi ya kuhamia Honolulu, Hawaii. Alikuwa na furaha ya mtoto. Ataona kwa macho yake visiwa ambako safari ya Cook iliishia. Wairimu alimpa hongera, na njia yote iliyobaki akazungumzia foleni ya magari.

Wiki hiyo hakulala vizuri. Alikuwa amepewa kuandaa safari ya tatu, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyomfikiria zaidi Elizabeth, mke wa Cook. Kapteni alikuwa amekwisha kurudi kutoka safari ya pili. Alikuwa amepewa wadhifa wa heshima nchi kavu, wa kumtosha hadi uzee. Naye akajitolea kwenda tena.

Siku ya kuwasilisha, Laurean alieleza safari mbili za kwanza vizuri sana. Wairimu akasimama kwa ya tatu. Alionyesha picha ya kizibao alichokuwa akikitarizi Elizabeth ili mumewe akivae mbele ya mfalme atakaporudi. Kitambaa kilitoka Tahiti, kimepondwa kutoka kwenye gome la mti. Mwaka 1779 Cook aliuawa huko Hawaii, katika ugomvi ulioanza na mashua iliyoibwa, alipojaribu kumshika chifu wao mateka. Kizibao hakikumalizwa. Mjane yule aliishi miaka hamsini na sita zaidi.

Laurean aliinama mbele kwenye kiti chake. Kwao Bukoba pia watu wa zamani walivaa magome. Bibi yake alizikwa akiwa amefungwa kwa lubugo, nguo yao ya gome la mti. Hakuondoa macho kwenye ile picha.

Kijana mmoja aitwaye Ethan akauliza kwa nini mke hakumzuia. Wairimu alijibu kwamba hakuna ajuaye kama alijaribu, akaketi.

Walipofika kwenye maegesho, Laurean alimfungulia mlango wa gari, lakini Wairimu hakuingia. Alisimama amekumbatia mkoba wake.

"Laurean," alisema, na siku zote alikuwa akimwita Bwana Laurean. "Mimi sijui kutarizi. Na kungoja pia sijui. Baki."

Laurean aliangalia funguo mkononi mwake. "Samahani, dada Wairimu, naomba..."

"Na usiniite dada."

Ilimchukua muda kulielewa hilo. Alipolielewa, alifunga ule mlango wa gari polepole ingawa hakuna aliyekuwa ameingia, akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia abaki. Mwanza walimpa baraka, Dubai walimpa mkono, Houston walimfanyia karamu. Kila mahali walimsindikiza vizuri.

"Basi mimi sikusindikizi," Wairimu alisema.

Jumatatu Laurean aliikataa nafasi ile, na mlinzi mwingine akaenda. Kuna jioni za baridi kali ambapo Laurean aliitaja Honolulu, na Wairimu alimletea soksi bila kumjibu.

Kabla ya harusi yao Laurean alimpigia simu mama yake Bukoba, akampa Wairimu simu ili wasalimiane. Mama hakuuliza kabila wala kanisa. Alimuuliza kama anakula senene, wale panzi wanaopendwa sana kwao. Wairimu alifikiri kidogo, akamtazama mwanamume aliyesimama mbele yake akiuma midomo asicheke, kisha akamwambia mama mkwe kwamba hajawahi, ila wakimkaangia vizuri atawala.